Namba Kumi na Saba Hakurudi

Shambani, 20 Februari 1994

Mwanangu Renae,

Hujambo mama? Kile kikohozi ulichoondoka nacho siku ya mazishi kimekuacha? Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika na theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Jirani yetu Orrin anakuja na trekta yake kunifungulia njia kila ikijifunga, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nami.

Leo ni wiki ya tano tangu tumzike baba yako mdogo, Leland. Saa sita mchana bado nafungua redio nisikie bei ya shayiri, kwa sababu miaka yote ile Leland alikuwa akiniinulia kidole ninyamaze mpaka wamalize kuisoma. Sasa naijua bei ya shayiri na sina wa kumwambia.

Nakuandikia kwa jambo moja. Juzi akina mama wa kanisa walikuja kunisaidia kufungasha nguo zake. Ndani ya pochi yake, nyuma ya leseni ya gari, nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kama stempu, imebandikwa utepe wa gundi pale mikunjo ilipokatika. Utepe wenyewe ni wa nyakati tofauti, mwingine umekuwa wa kahawia, mwingine bado mpya. Tarehe ni Februari 1968, ule mwaka wake mmoja wa chuo. Nakunakilia maneno kama yalivyopigwa chapa:

"Majibu yako yanaonyesha kwamba wewe ni mtu asiyeweza kupenda kwa kudumu. Watu wa aina yako huonekana wapole, na wengine huvutwa nao, lakini wanaowakaribia sana huishia kuumia. Hali hii haibadiliki kwa umri wala kwa juhudi."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Fomu C, 17.

Renae, mimi nilipika shuleni miaka thelathini, elimu yangu iliishia darasa la nane. Nilimwonyesha mchungaji, akasema, "Ardis, choma hiyo karatasi, halafu ule chakula." Nimekula. Sijachoma. Leland ndiye aliyekuwa akiweka glavu zangu juu ya injini ya gari ili nizivae zikiwa na joto. Baba yako alipofariki, huyu ndiye aliyekufundisha kuendesha trekta ukiwa na miaka kumi, akikimbia kando ya gurudumu shamba zima kwa kuogopa usianguke.

Lakini pia namkumbuka Marlys. Hukuwahi kuambiwa habari hizi vizuri. Mwaka 1971 walikuwa wamekwisha kuvishana pete, kitambaa cha gauni kilikuwa kimenunuliwa. Jumapili moja Leland akaenda kwao, akarudi baada ya nusu saa, akasema, "Dada, haitakuwepo harusi. Usiniulize." Sikumuuliza. Baadaye watu kwenye ghala la nafaka wakawa wanamtania, "Leland, wewe na hiyo trekta mnaoana lini?" Naye akawa anawajibu, "Bado nambembeleza."

Wewe unasomea mambo haya ya nafsi za watu. Niambie, mtihani huo uliona nini ambacho mimi sikukiona miaka arobaini na mitano? Alizaliwa hivyo?

Shangazi yako,
Ardis


Chuoni, 3 Machi 1994

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, asante, ila chakula cha hapa kinanifanya nikumbuke viazi vyako vya kuoka. Magoti yafunge kwa kitambaa cha sufu, na usitoke nje kuwapa paka chakula theluji ikiwa inaanguka. Wataishi.

Nimeipata barua yako na nimeisoma. Karatasi hiyo usiiamini sana. Nitaulizia habari zake kwa watu wanaoijua historia ya majaribio ya zamani, halafu nitakueleza. Nipe muda kidogo, niko katikati ya kazi yangu ya shahada ya uzamivu na maabara haina nafasi hata ya kupumua.

Nakukumbuka kila siku, pamoja na yeye.

Mwanao,
Renae


Shambani, 30 Machi 1994

Mwanangu Renae,

U mzima? Nilipiga simu mara mbili, binti unayeishi naye akasema uko maabara. Mara ya pili akasema hivyohivyo kabla sijataja jina langu. Mimi sijambo. Theluji inayeyuka na ua mzima ni tope.

Umeomba muda nami sitaki kukusukuma, ila kuna jambo limetokea. Alhamisi tulikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa tukiandaa kahawa ya Pasaka. Tukabaki wawili kwenye sinki, mimi naosha vikombe, Marlys anafuta. Unamjua, ndiye mke wa Duane, mama wa wale mapacha wa mpira wa kikapu. Akaanza tu, bila hata kunitazama:

"Ardis, kwenye vitu vyake, hakukuwa na kitu?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Chochote kinachosema kwa nini."

Nikamwambia, "Marlys, wewe una wajukuu sasa."

"Ninao watatu, na mume mzuri," akasema. "Sijasema nataka kubadilisha kitu. Nataka kujua tu. Siku ile alisimama mlangoni na buti zake, akaniambia, 'Utanishukuru baadaye.' Nimengoja hiyo baadaye miaka ishirini na mitatu."

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, Renae, chini ya meza. Sikuitoa. Kama ni kweli, basi nimwonyeshe, ajue kwamba aliepushwa na mabaya, atulie. Kama si kweli, basi sijui nitamwambia nini.

Niambie lililo kweli, hata likiwa chungu. Nimezika mume, nimezika kaka wawili, nimezoea uchungu. Kisichozoeleka ni kutokujua.

Shangazi yako,
Ardis


Chuoni, 11 Aprili 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Mimi si mgonjwa, na kazi haikuwa nyingi kiasi hicho. Nilimwomba yule binti akuambie niko maabara. Nilikuwa nimekaa kitandani.

Barua yako ya kwanza niliielewa kabla sijafika mwisho wake, nilipoona "Fomu C". Hapakuwa na mtihani, shangazi. Maswali aliyoyajibu baba mdogo hakuna aliyeyasoma. Yalikusanywa yakawekwa kando. Karatasi za majibu zilikuwa zimepigwa chapa wiki nzima kabla, za aina tatu. Ya A ilimwambia mtu kwamba atapendwa maisha yake yote, B ilimwambia mambo ya katikati, na C ni hiyo uliyonayo. Nani apate ipi iliamuliwa kwa vikaratasi ndani ya mkebe wa kahawa. Kwa baba mdogo ikatoka C.

Mpaka leo ndivyo tunavyofanya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa somo letu hupata alama kwa kushiriki majaribio ya wakubwa wake, na mara nyingi jaribio haliwezekani bila uongo, kwa sababu mtu akijua unachokitazama hubadilika. Walitaka kujua kama mtu aliyeambiwa mabaya kuhusu nafsi yake hupunguza wema. Basi ukishapewa karatasi, mwanamke anapita na kasha la vifungo vya nguo, anajikwaa, vinamwagika, na mtu aliyejificha nyuma ya kioo anahesabu unaokota vingapi.

Uongo huo una kanuni moja inayoushikilia. Kabla mshiriki hajatoka chumbani, lazima akalishwe aambiwe ukweli, na aulizwe kama ameelewa. Hilo halirukwi kamwe.

Nimeipata taarifa yao maktabani. Washiriki tisini. Mwishoni kuna sentensi ndogo: "Matokeo ya mshiriki mmoja yaliachwa kwa kuwa hakukamilisha." Nikamtafuta aliyeliendesha jaribio. Anaitwa Constance Pruitt. Wakati ule alikuwa mwanafunzi kama mimi, sasa anafundisha kusini. Nilimpigia simu, nikataja namba. Akasema, "Yule wa vifungo?"

Anamkumbuka, shangazi. Amehifadhi daftari lake na akanisomea. Na. 17, Fomu C. Vifungo sitini. Wengine wa Fomu C waliokota kumi, kumi na tano, wengi waliviruka wakaenda zao. Namba kumi na saba alipiga magoti akaokota vyote sitini, akalala kifudifudi kutoa viwili vilivyoingia chini ya bomba la kupashia chumba joto, halafu akamuuliza yule mwanamke, "Hesabu tena, mama, isije ikawa kuna kilichobaki."

Wakati anainuka, kengele ikalia. Ilikuwa dhoruba ya theluji, chuo kinafungwa, kila mtu aende bwenini upesi. Akatoka na karatasi mkononi. Constance alimkimbilia mpaka ngazini, hakumpata.

Kesho yake alitaka kumtafuta. Hakuweza. Ili siri za washiriki zilindwe, majina hukatwa kwa mkasi kutoka kwenye namba na kuchomwa siku ileile, na msaidizi wake alikuwa amekwisha kufanya hivyo, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Ikabaki namba isiyo na mtu. Akabandika tangazo ukutani, "Namba 17, tafadhali fika chumba 204," na likakaa pale mpaka Juni. Lakini wewe unajua wiki ile kilitokea nini. Babu alianguka akavunja nyonga, na baba mdogo akarudi nyumbani na hakuondoka tena.

Unaniuliza kama alizaliwa hivyo. Hilo ndilo swali la kwanza la somo letu. Miaka minne nimelifundisha. Nachora mstari katikati ya ubao, kushoto naandika yale mtu anayozaliwa nayo, kulia yale anayofanyiwa na dunia, na wanafunzi wanabishana hadi kengele. Wiki hii nilichora mstari nikashindwa kuendelea. Tunaweza kusema watu tisini kwa wastani hufanya nini. Kuhusu mmoja hatuwezi kusema. Huenda angemwacha Marlys hata bila karatasi. Siwezi kuapa kwamba la. Ninachoweza kuapa ni kwamba hakuna aliyewahi kumpima.

Sasa sababu ya kunyamaza kwangu. Jaribio langu la shahada ni la namna hiyohiyo. Karatasi zangu huwaambia watu kwamba wenzao hawawaamini. Nimezipiga chapa mwenyewe.

Mwanao,
Renae


Shambani, 26 Aprili 1994

Mwanangu Renae,

Salamu zako nimezipata, na mimi niko vizuri kadiri ninavyoweza. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mahali pa vifungo nimepasoma mpaka najua kwa moyo. Huyo ndiye. Kulala kifudifudi kwa ajili ya viwili. Mchana huo sikufungua redio.

Nilikasirika pia, sitakuficha. Nilikuwa nakanda unga wa mikate ya viazi na nikaukanda hadi ukawa kama mpira, haukulika. Nilimkasirikia huyo mama Pruitt, halafu nikamwona mawazoni akishuka ngazi mbio, na hasira ikakosa pa kukaa.

Jumapili nilimwomba Marlys aje. Duane alimleta, akabaki nje ndani ya gari akisoma gazeti, mtu mwenye adabu. Nilimpa Marlys karatasi kwanza, kisha barua yako. Alisoma polepole, na midomo yake ikitembea. Akavua miwani.

"Meno yangu," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa na meno yaliyopandana, Ardis. Mwaka ule. Siku zote nimedhani ni meno. Nilipoolewa na Duane kitu cha kwanza nilichomwomba ni daktari wa meno."

"Leland hajawahi kusema neno juu ya meno yako!"

"Hakusema neno juu ya kitu chochote, ndiyo shida!" Akaanza kucheka, nami nikacheka, na kucheka kwenyewe kukaharibika katikati. Duane akaingia akatukuta hivyo, akauliza, "Nani amefariki?" halafu akaona aibu, maskini, akatoka tena.

Kabla hajaondoka Marlys alisema kitu ambacho lazima nikuandikie. Alisema, "Kwa hiyo alinipenda kiasi cha kuniogopea." Halafu akasema, "Mjinga. Angeniuliza mimi. Ningemwambia kama naumia."

Sasa wewe. Sikuhukumu. Lakini nakuuliza kama ambavyo ningekuuliza kama umezima jiko. Hao watu wako, wote walikalishwa wakaambiwa? Kila mmoja?

Shangazi yako,
Ardis


Chuoni, 16 Mei 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini tope limekauka na Orrin amekuja kupanda kama alivyoahidi. Mimi nina afya.

Washiriki arobaini na wanne. Waliokalishwa ni arobaini na watatu.

Mmoja alitoka. Ilikuwa Novemba, alisema anaenda msalani, hakurudi. Niliandika "hakukamilisha", nikamwondoa kwenye hesabu. Shangazi, niliandika maneno yaleyale. Nilipoyasoma maktabani kwenye taarifa ya Constance ndipo nilipotambua. Na majina nilikuwa nimekwisha kuyapitisha kwenye mashine ya kukata karatasi, siku ileile, kama kanuni inavyotaka.

Nilichokumbuka ni koti lake. Lilikuwa la timu ya shule ya sekondari, mgongoni jina la mji wao, mkononi limeshonwa "Tammy". Nililiona kwa sababu nilidhani lina joto kuliko langu. Jumamosi iliyopita niliendesha gari mwendo wa saa mbili kwenda mji huo, nikauliza kwenye kituo cha mafuta ni nani Tammy anayesoma chuo. Mzee mmoja akanijibu, "Tuna Tammy watatu. Unamtaka mwenye farasi?"

Alikuwa mwenye farasi. Mama yake alifungua mlango nusu. "Kama unauza kitu, tunacho."

Nikamwambia, "Siuzi, mama. Nimekuja kumwambia binti yako kwamba nilimdanganya."

Alinikaribisha ndani kwa sababu ya hilo, nadhani alitaka kusikia. Tammy alikuwa anakula nafaka na maziwa, amevaa soksi za tofauti. Nikamsomea maneno yote, sikuruka neno: kwamba karatasi ilikuwa ya uongo, kwamba ilichaguliwa kwa bahati nasibu, kwamba haikusema lolote juu yake, kwamba naomba radhi.

Akafikiri. "Ile ya kusema watu hawaniamini?"

"Ndiyo."

"Nilidhani mmekosea bahasha." Akachota kijiko kingine. "Nilishaisahau, kusema kweli. Niliondoka kwa sababu rafiki yangu alinipigia honi."

Mama yake akanitazama. "Umeendesha saa mbili kwa hilo?"

Nikasema ndiyo. Akanifungia mkate wa ndizi wa njiani.

Nimeandika barua kwa profesa wangu kwamba jaribio hili sitalimalizia kwa njia hii. Hajafurahi. Anasema bila uongo mdogo tusingejua mambo mengi yaliyowasaidia watu, na shangazi, hilo nalo ni kweli, nalifahamu. Sijui bado nitasimama upande upi. Ila tangu Jumamosi kuna jambo linalonisumbua kuliko shahada. Karatasi ni aina moja, uongo ni mmoja. Mmoja anausahau kabla honi haijanyamaza, mwingine anaubandika utepe miaka ishirini na sita. Somo langu lote ni hilo, na jibu silioni.

Mwanao,
Renae


Shambani, 30 Mei 1994

Mwanangu Renae,

Nimeisoma yako na nimeshukuru kwamba u salama barabarani. Mimi sijambo, na shayiri ya Orrin imechomoza katika shamba letu, mistari imenyooka. Leo ni siku ya kupamba makaburi. Nilienda asubuhi na maua ya lailaki, na nikakuta mtu ametangulia kuweka yake. Sikuuliza.

Nimefurahi kwa ajili ya huyo binti. Nimefurahi kweli. Kisha nikakaa jikoni nikalia sana, zaidi ya siku ya mazishi, kwa sababu nilijiuliza, wa kwetu kwa nini asisahau?

Wewe unasema jibu hulioni. Mimi sikusoma, lakini kipande chake ninacho, na sijamwambia mtu, hata mume wangu. Umekuwa mkweli kwangu, nami nikulipe hivyohivyo.

Nyumbani kwetu mwalimu hakosei. Baba yetu hakujua kusoma vizuri, na mtu aliyesoma akiingia, baba alivua kofia. Leland alipokuwa darasa la tatu mwalimu alimwambia hana sauti ya kuimba, na mtoto yule alifumba mdomo kanisani mpaka tunamzika. Sisi tulimsifu. Tulisema, tazama alivyo msikivu.

Siku alipoondoka kwenda chuo, mimi ndiye niliyempeleka kituo cha basi. Alikuwa na miaka kumi na minane, na sanduku la baba. Aliogopa. Akaniuliza, "Dada, nikishindwa kuwaelewa?" Nikamshika kola ya koti nikainyoosha. Nikamwambia, "Leland, wale watu wamesoma. Wanakuona vizuri kuliko unavyojiona. Chochote watakachokuambia juu yako, shika."

Akasema, "Ndiyo, dada."

Shangazi yako,
Ardis